Mgongo wa Mwalimu Soulé

Kamaria aliujua mgongo wa Mwalimu Soulé kuliko uso wake. Mgongo mpana, koti la kijivu, vumbi la chaki begani. Mwalimu alisomesha akiwa ameukabili ubao, anaandika huku anasema, anasema huku anaandika. Na Kamaria, ambaye homa kali ilimnyang'anya masikio akiwa mtoto kule kwao Mutsamudu, kisiwani Nzwani, alikuwa akisikia kwa macho tu. Sasa kisogo cha mtu utakisikiaje? Na siku moja moja Mwalimu akigeuka, masharubu! Jamani, masharubu yale yalikuwa pazia la mlango.

Chuo cha ualimu kilikuwa mlimani juu ya Moroni, bado kichanga, hakina chombo wala mtu aliyewekwa kwa ajili ya kiziwi. Kilichokuwapo ni Saoudat. Binti wa Ouani huyu, Nzwani hiyo hiyo, mwili mdogo, ulimi mrefu, alikaa kiubavu mbele ya Kamaria na kumrudishia somo kwa midomo bila kutoa sauti. Wenzao wa Ngazija, wenyeji wa kisiwa kile cha Moroni, walijaribu kusaidia, Mungu awalipe, lakini midomo yao ilikwenda njia nyingine. Ya Saoudat ilikwenda kama ya mama yake Kamaria, hata ilipotamka Kifaransa.

Wala si darasani tu. Ilikuwa miaka ile ya mamluki, wazungu wa kukodiwa wenye sare nyeusi, waliosimamisha watu barabarani watakavyo. Asubuhi moja walimpigia Kamaria kelele asimame, naye huyoo, anakwenda zake, vitabu kifuani. Bunduki ilikwisha inuliwa Saoudat alipomrukia na kumwangusha chini. Kisha akawageukia wale wanaume, akawapa maneno ambayo mama yake asingependa kuyajua. Kamaria hakuyasikia, lakini aliyasoma yote, na tangu siku ile hakuinuka kwenye mswala bila kumwombea Saoudat dua.

Basi, mtihani wa mdomo umekaribia, posa ikaja. Saoudat anaposwa. Na mposaji ni nani? Kijana wa Mwalimu Soulé! Vigelegele vikapigwa, Kamaria naye akapiga vyake. Lakini mkwe ni mkwe. Binti mwenye adabu zake hamkalii baba mkwe uso wazi. Tangu hapo Mwalimu akiingia tu darasani, Saoudat alijivutia shiromani, ile nguo ya heshima ya wanawake wa Nzwani, mpaka chini ya macho, maana hakujua Mwalimu atageuka saa ngapi. Midomo ikapotea, na somo likapotea nayo.

"Niwie radhi, mwenzangu," Saoudat alimwambia nje. "Nyumbani wakisikia nimemwachia mkwe mdomo wazi, mama atauweka wapi uso wake?"

"Sikulaumu," alisema Kamaria, na kweli hakumlaumu. Ila roho haikutulia. Chuo kilikuwa kimeshasema: atakayeshindwa mtihani wa mdomo, arudi kwao. Na huko kwao, mama yake, Bi Zaitoun, alikuwa amewatangazia watu wote, sokoni mpaka bandarini, kwamba binti yake kiziwi atakuwa mwalimu. Waliocheka walikuwa bado wanangoja kucheka tena.

Siku ikafika. Baada ya kuombwa sana, chuo kilikuwa kimekubali mtu mmoja aingie kumrudishia Kamaria maswali. Nani mwingine? Saoudat akaketi pembeni ya meza, shiromani imebakiza macho tu. Mwalimu Soulé, mtahini mwenyewe, akaketi nyuma ya meza.

Masharubu yakatikisika. Swali limeulizwa. Kamaria akamtazama Saoudat. Mkono wa Saoudat ukashika pindo la nguo, ukateremka kidogo, ukapanda tena. Machozi yakamlenga. Masharubu yakatikisika mara ya pili.

Yamekwisha, Kamaria alijisemea. Narudi Mutsamudu.

Mwalimu aliwatazama mabinti wale, huyu kisha yule. Akainuka. Kamaria akadhani anafukuzwa. Kumbe mzee amekishika kiti chake, akakizungusha, akaketi ameukabili ukuta. Mgongo ule ule, koti lile lile.

Shiromani ikashuka mpaka mabegani.

"Anasema nitamke kwa sauti, apate kusikia kama siongezi langu," ilisema midomo ya Saoudat. "Haya. Mtoto asipolifuata somo, mwalimu aanze kutazama wapi?"

Kamaria hakuhitaji kufikiri. "Aanze kutazama pale aliposimama yeye mwenyewe."

Akaona mabega ya koti la kijivu yanashuka. Mwaka mzima alikuwa ameutazama mgongo ule, na hakuwahi kuyaona yakishuka namna ile. Akaogopa kidogo, lakini swali la pili likaja, na la tatu, naye akayajibu yote mpaka koo likamkauka.

Walipomaliza akasimama. "Ahsante, Mwalimu," alisema, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakujua ukubwa wake. "Umenifanyia jambo ambalo sina cha kukulipa. Mungu ndiye atakayekulipa."

Kichwa cha Mwalimu kikatikisika. Alikuwa anajibu, anausemea ukuta kama ilivyo desturi yake.

"Kasemaje?" Kamaria aliuliza.

Saoudat alikuwa analia, midomo inamcheza, ikabidi aseme mara mbili ndipo Kamaria akaelewa.

"Anasema umefaulu. Na anakuomba radhi kwa siku nyingine zote alizokupa mgongo."