Kesi ya Kiatu cha Mpika Bia

Katika mji wetu wa Oberlauen, aliyeshona viatu vipya hakuruhusiwa kutia kiraka, na aliyetia kiraka hakuruhusiwa kushona kipya. Washona viatu wenyewe ndio waliokwenda kwenye baraza la mji kuiomba sheria hiyo, na walipewa, kwa sababu walikuwa na chama chenye bendera, mishumaa yake kanisani na mwenyekiti mwenye tumbo. Watia viraka hawakuwa na chama. Walikuwa na kazi tu.

Mmoja wao alikuwa jirani yangu Mechthild, mjane. Mumewe alimwachia kibanda na msharasi wa kutobolea ngozi. Mdomo alikuja nao mwenyewe. Mimi naoka mikate ukuta wa pili, kwa hiyo mengi niliyasikia hata bila kutaka.

Mteja wake mkubwa alikuwa Gozwin mpika bia, bahili asiye na mfano. Kiatu chake cha kulia kilipokwisha soli, Mechthild akamwekea nyingine. Baadaye kisigino. Kisha ngozi ya ubavuni ikapasuka, kisha ya mbele, na kila mara Gozwin alirudi na kiatu kile kile. Mwishowe kilichobaki cha zamani kilikuwa ulimi peke yake, na Gozwin akawa anatembea mjini akijigamba kwamba viatu vya siku hizi havina maana, vya kale ndivyo viatu.

Maneno hayo yakamfikia Volkmar, mwenyekiti wa washona viatu. Akaja na wenzake, wakamkamata Gozwin mbele ya tanuri langu na kumvua kiatu.

"Hiki ni kiatu kipya!" Volkmar akapaza sauti. "Kimeshonwa na mtia viraka!"

"Kipya? Mimi?" Gozwin akashangaa. "Hebu kamuulize mke wangu kama mimi ni mtu wa kununua kitu kipya!"

Kiatu kikapelekwa barazani. Waheshimiwa wakakipitisha mkono kwa mkono, mmoja akakinusa, akajuta. Wakabishana asubuhi nzima kama ulimi ni sehemu ya kiatu au ni pambo.

"Waheshimiwa," Volkmar akasema, "mtu akibadilishwa mwili mzima akaachiwa ulimi tu, bado ni yule yule?"

"Kwa upande wako, ndiyo," Mechthild akajibu. "Wewe huna kingine."

Ukumbi mzima ukacheka. Lakini kicheko hakipigi kura. Baraza likaamua kwamba kiatu kile ni kipya, kichomwe moto, na kibanda cha Mechthild kipigwe muhuri wa nta mlangoni. Volkmar akaubandika yeye mwenyewe, kwa furaha, kama anayepaka siagi. Gozwin alirudi nyumbani akiwa na mguu mmoja mtupu, na alipotaka kununua kiatu kimoja, chama kikamwambia hakiuzi nusu.

Watia viraka wengine wakaogopa, wakaficha vifaa. Majira yote ya joto yakapita hakuna wa kukutengenezea hata kamba. Viatu vipya vikapanda bei na vikawa vinakwisha upesi, maana fundi ana haja gani ya kukaza uzi wakati lazima urudi kwake? Volkmar alituambia kila Jumapili nje ya kanisa kwamba chama kinalinda ubora.

Oktoba ikafika sikukuu ya Mtakatifu Krispino, msimamizi wa washona viatu. Mvua ilikuwa imenyesha. Volkmar alitangulia maandamano akibeba bendera, miguuni ana viatu alivyovishona kwa mikono yake. Walipokata kona karibu na mlango wangu, soli ikaachama. Akaendelea kutembea akinyanyua mguu juu kama jogoo. Hatua chache tu, soli ikabaki kwenye tope, na Reinbot, makamu wake, akaikanyaga.

Volkmar akainama kuiokota.

"Usiiguse, mwenyekiti!" Reinbot akasema kwa sauti ya kumfikia padri. "Hicho sasa ni kiatu kibovu. Mshona viatu hagusi kiatu kibovu. Sheria yetu wenyewe." Reinbot alikuwa akikitamani kile kiti tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

Basi Volkmar akaja akirukaruka kwa mguu mmoja mpaka kwa Mechthild, aliyekuwa amesimama nje anaangalia.

"Mama Mechthild, nishonee upesi."

"Nimefungiwa, bwana. Muhuri ule pale. Kazi yako nzuri."

"Ni soli tu!"

"Leo soli, kesho utaniambia kisigino. Tuliite baraza, lije linuse."

"Mama, watu wananitazama."

"Nami wamenitazama tangu Pasaka. Unazoea."

"Unataka nini basi?"

"Muhuri uung'oe kwa mkono wako."

Nta ilikuwa ngumu. Volkmar alihangaika na kucha, kisha akapiga magoti akaing'ata. Wapiga zumari, ambao hakuna aliyewaambia wanyamaze, waliendelea kupuliza. Nami nilicheka mpaka nikaunguza mikate.

Kuvunja muhuri wa baraza ni kosa, hata ukiuvunja kwa meno. Kabla ya wiki kuisha Reinbot alikuwa mwenyekiti. Baraza nalo, kwa aibu, likawaruhusu watia viraka kuwa na chama chao. Wakakianzishia nyumbani kwa Mechthild. Wanaume walisema mwanamke hawezi kuwa mwenyekiti, wakamchagua shemeji yake Eberlin, ambaye kabla ya kufungua kinywa humtazama Mechthild kwanza.

Na amri yao ya kwanza? Kumfukuza mzee mpitaji aliyekuwa akigundisha soli darajani. Mechthild alikwenda mwenyewe kumnyang'anya gundi.

"Lakini jirani," nilimwambia alipokuja kuchukua mkate, "yule mzee naye si anakula kwa hiyo kazi?"

"Gundi!" akasema. "Watu wataumia miguu! Sisi tunalinda ubora."

Nikamkabidhi mkate wa moto. Akauweka kikapuni, kisha akatoa humo jozi ya viatu na kuiweka juu ya meza yangu ya unga. Niliitambua mara moja, maana nilikuwa nimempelekea mzee asubuhi ile ile anigundishie soli.

"Na hivi," akasema, "vya nani?"