Gunia Juu ya Vioo vya Choya

Kijiji cha Kisiwani tulikuwa tumeshakiacha nyuma, vumbi limeziba kioo cha nyuma cha gari, na mimi nimepakata sanduku kama mama wa bwana harusi. Ndani mlikuwa na vioo ishirini, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, vimepakwa rangi ya choya. Choya hiihii ya juisi. Stumai, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, alikuwa anatafuta kama rangi ile inaweza kukamata umeme wa jua bila kemikali za sumu. Chuoni kwao choya ina jina refu, sikulishika.

Nilikuwa mlinzi wa vioo vyake siku tisini. Kabla ya hapo nimelinda mkonge, nimelinda mgodi, nimelinda kanisa Shighatini lisilokuwa na cha kuibwa. Shule nilisoma vipandevipande: darasa la tatu huku, la nne kule, la tano sikulimaliza popote. Ila tarakimu nazijua. Kila asubuhi na kila jioni nilisoma mita ya umeme wa vioo nikaandika kwenye daftari.

"Babu Eliufoo, umenitoa kimasomaso," Stumai akasema kutoka kiti cha mbele. "Profesa kaona namba zako kapiga kelele. Siku tisini rangi haijapauka! Ya wenzetu inakufa wiki ya tatu. Ijumaa nawasilisha, nikipita nimemaliza."

"Hiyo kazi ya gunia, mwanangu."

"Gunia gani?"

"La kufunikia. Nani anaacha kitu chekundu juani? Hata kanga huanikwa kivulini. Saa nne nafunika, saa kumi nafunua. Sikukosa siku, hata nilipoumwa."

Dereva wetu, Humphrey, akasimamisha gari bila kuambiwa. Akashuka, akaenda nyuma ya mgunga. Tukamsikia anacheka.

"Babu," Stumai akasema polepole, "nilikuwa napima jua."

"Ungesema."

"Nikajua halihitaji kusemwa! Umeme wa jua, babu!"

"Wewe ulisema nivitunze visiharibike. Vimeharibika?"

Akatoa simu. Akampigia profesa, sauti ikiwa wazi nami nasikia, akamweleza habari ya gunia.

"Nani mwingine anajua?" profesa akauliza.

"Mzee mwenyewe na dereva."

"Huyo mzee anaandika makala za kitaaluma?"

"Hapana."

"Basi hajui. Stumai, sayansi inataka utulivu. Wafadhili wamealikwa, pilau imeagizwa. Ongeza maneno mawili kwenye kichwa cha utafiti: 'kivulini kiasi'. Safari njema."

Akakata. Stumai akalifungua daftari langu, akageuza kurasa moja moja. Akinyamaza, Ijumaa ana shahada. Akisema, anaanza upya. Nami sikuwa na sura ya kumtazama.

"Watu wataviweka juu ya paa," akasema mwisho. "Nani atapanda kila saa nne na gunia?"

"Mimi ningepanda," nikasema.

Humphrey akarudi anafuta machozi. "Tuendelee hadi Same mjini, dada?"

"Geuza. Turudi Kisiwani."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa wale pilau yao."

Vioo vilirudi juani vikiwa uchi. Nilikatazwa kuvisogelea mchana. Siku ya kumi na tisa vilikuwa vyeupe kama meno.

Stumai aliandika hivyohivyo, kwamba vimekufa, akapata shahada yake mwaka uliofuata. Sasa anajaribu rangi nyingine. Profesa aliandika makala kuhusu gunia, akaliita teknolojia asilia ya kupoza, akasafirishwa kwenda kuisoma nje ya nchi. Humphrey bado dereva. Akisimulia kisa hiki, anasema nilifunika kwa blanketi, na vioo nilivibembeleza vilale. Mimi niko Usangi, nalinda migomba. Gunia lenyewe lilipelekwa chuoni. Liko kabatini, halipigwi jua.