Leli Inalala

Mzee Jeconia Kang'ethe alifundisha miaka thelathini na mmoja katika shule ya misheni karibu na Ruiru, na miaka yote hiyo alipigana na maovu mawili: uongo, na herufi za R na L kuwekwa mahali pasipo pao. Watoto wa Kikuyu, ambao lugha yao haina L, walimsomea, "Reri inarara." Wachache wa Kikamba, ambao lugha yao haina R, walimsomea, "Leli inalala." Aliwachapa wote sawasawa viganjani kwa rula, hata wakasema kama ilivyoandikwa ubaoni: reli inalala. Alipostaafu, darasa lake likabaki na mwanafunzi mmoja tu, mjukuu wake Mumbi, aliyerithi jina la marehemu mkewe kama desturi inavyotaka. Akiwa na miaka sita, binti huyo aliitamka sentensi ile bila doa, visigino pamoja, mikono nyuma, kidevu juu. Mzee alikuwa amemwambia kwamba huo ndio mkao wa mtu anayesema kweli.

Katikati ya mwaka wa 1954, kwa hofu ya wapiganaji wa msituni, serikali ya kikoloni ikatoa amri ya kuhama. Kila Mkikuyu aache boma lake akakae katika kijiji kipya kilichozungushiwa handaki. Lini? Wapi? Hapana aliyejua. Jumatatu waliambiwa Murera. Alhamisi wakaambiwa Kiuu. Wiki iliyofuata wakaambiwa wangoje tu, na asiyengoja atajuta. Njambi, mke wa mwanawe, alifunga vyombo mara tatu na kuvifungua mara tatu. Mumewe alikuwa kizuizini, wala hawakujua ni kambi gani.

Ndipo jirani yao Kalondu, Mkamba aliyekuwa yaya katika nyumba ya mlowezi mmoja wa kahawa, alipojitolea. Mabwana zake walikuwa wakienda Malindi kupumzika ufukweni.

"Mwezi mmoja tu, mwalimu," alisema. "Mwacheni mtoto akale samaki. Mkishajua mnalala wapi, nitamrudisha."

Mzee alikubali. Hakuuliza mtoto wa Kikuyu angepandaje gari moshi bila cheti cha ruhusa, na wale wanawake wawili hawakumwambia, kwa kuwa walimjua.

Mwezi ule ulizaa miezi. Kwanza bibi wa nyumba aliogopa kurudi shambani. Kisha bwana akaanza kutafuta mnunuzi wa shamba. Krismasi ikapita, na bado wapo ufukweni. Huku nyuma, nyumba ya Mzee Jeconia ilichomwa moto mwezi wa Oktoba, pamoja na ubao wake mweusi, na familia ikatupwa katika kijiji kando ya mto Ruiru, ambako Njambi alishinda akichimba handaki pamoja na wanawake wenzake.

Barua za Kalondu, alizomwandikisha karani wa huko, zilifika moja moja. Mzee alizisoma akiwa na penseli nyekundu mkononi, akisahihisha. "Kamene hajambo. Kamene amejua kuogelea. Kamene ameng'oka jino." Kuhusu Mumbi, hata neno moja. Kila barua ilimwongezea hofu kwamba mjukuu wake amekufa na anafichwa. Lakini Njambi alizisoma huku akitabasamu, na mzee akamwona mama asiye na moyo.

Aprili ikaja barua ya mwisho: mabwana wanapanda meli kwenda kwao, Kalondu anarudi kwa mumewe Kaleli, mashariki ya Thika. "Tutashuka Thika Ijumaa mchana."

"Nitakwenda mwenyewe," alisema mzee, na akaomba cheti cha siku moja.

"Baba, nakuomba," alisema Njambi. "Ukiwaona, usiseme neno. Wafuate tu mpaka nje."

"Mimi niwafuate wanawake nyuma kama mbuzi?"

"Kama mbuzi, baba. Leo tu."

"Umekosa adabu, Njambi."

"Nimekosa, baba. Lakini usiseme neno."

Ijumaa alfajiri alishika njia.

Stesheni ya Thika ilikuwa imegawanywa kwa kamba: Wakikuyu upande huu, wengine upande ule, na katikati askari mmoja mnene mwenye kitabu cha kuandikia majina. Gari moshi lilipotoa abiria wake, mzee alimwona Kalondu na mzigo kichwani. Nyuma yake alishuka msichana aliyeiva kwa jua, aliyerefuka, shanga za Kikamba shingoni. Alikuwa hai! Mzee alisahau kamba, askari na onyo la Njambi.

"Mumbi!" aliita, kwa sauti ile ile iliyonyamazisha madarasa.

Askari aligeuka, akamtazama mzee, akamtazama Kalondu.

"Mumbi? Mama, si umeniambia sasa hivi huyu ni binti yako?"

Aliyejibu ni mtoto. Aliweka chini furushi lake, akaleta visigino pamoja, mikono nyuma, kidevu juu.

"Mimi si Mumbi. Mimi ni Kamene wa Kaleli. Mzee huyu simjui."

Mara moja Mzee Jeconia alielewa barua zote, na tabasamu la Njambi, na hila iliyofanywa nyumbani mwake chini ya pua yake. Lakini kilichomchoma ni ule mkao. Mtoto alikuwa amelikana jina la bibi yake akiwa amesimama kama alivyofundishwa kusimama mbele ya kweli.

"Siku hizi kila mtu ana jina la kuazima," alisema askari. "Haya, Kamene. Sema: reli inalala."

Ulikuwa mtego wa askari wa vizuizi vya barabarani, na mzee aliujua kuliko waliouweka. Mtoto akisema kwa ulimi wa Kikuyu, amekwisha. Akiitamka sawasawa, amekwisha vilevile, maana ni Mkamba gani mdogo huyo aitoaye R safi kama mwalimu? Na sawasawa ndivyo alivyomfundisha.

Mtoto hakupepesa jicho.

"Leli inalala."

Kiganja cha mzee kilijikunja kutafuta rula, kwa mazoea ya miaka thelathini na mmoja, kisha kikafunguka chenyewe.

Askari aliangua kicheko. "Huyu Mkamba mtupu! Pita, mama. Na wewe, mzee, unamjua mtoto huyu?"

"La," alisema Mzee Jeconia. "Nimekosea. Ni macho ya uzee."

Neno lilitoka jepesi, na wepesi wake ulimtisha kuliko neno lenyewe.

"Kanunue miwani, baba, usije ukaita injini mke wako!"

Watu walicheka. Kalondu na mtoto walimpita kwa umbali wa mkono, wakinuka mafuta ya nazi. Mtoto hakugeuka.

Jioni alimsimulia Njambi yote, hakuficha kitu.

"Ulimwita?"

"Nilimwita."

"Na ukamkana?"

"Nikamkana."

Njambi alikaa chini palepale, akacheka na kulia kwa pamoja. "Basi leo umefaulu, mwalimu."

Jumatano, wanawake walipotolewa kwa saa moja kutafuta kuni, Kalondu alikuwa akingoja mtoni na mtoto. Mlinzi wa lango alihesabu wanawake na mizigo ya kuni. Watoto hakuwahesabu. Hivyo Mumbi akaingia kijijini ameshika kanga ya mamaye, bila shanga.

Mzee alimketisha kwenye kigoda mbele yake. Alitaka kumwambia maneno mengi, lakini alijua njia moja tu ya kuanza.

"Sema: reli inalala."

Mtoto alitazama mlango kwanza, kisha akamtazama yeye.

"Niseme ipi, guka? Ya mama, ya Kalondu, au ya kwako?"

Mzee Jeconia aliinuka, akaenda kufunga mlango, akajaribu komeo mara mbili, akarudi kuketi.

"Zote tatu," alisema. "Tuanze."