Jarida Lisilofunguliwa

Mwaka wa 1987 ushirika mmoja wa wakulima mjini Eldoret ulinunua kompyuta ili jarida lake lipate kusomwa. Jeruto, mhariri wa jarida hilo, alikuwa amechoka hata kabla mashine haijatolewa kwenye sanduku. Kila stima ilipopotea, kazi yote ilipotea nayo, naye akaanza upya. Hatimaye toleo jipya likatoka, herufi zimenyooka, safi kabisa. Mkurugenzi, Bwana Kipyego, alilishika kama cheti cha mwanawe.

Jeruto alilipeleka mwenyewe hadi Soy, nje ya mji. Katika duka la pembejeo alikuta matoleo ya nyuma bado yamefungwa kamba. Mkulima mmoja, Mama Priscah, alikuwa akinunua dawa ya fukusi.

"Mama, hili jarida hamlipendi?" Jeruto akamwuliza.

"Nilisoma moja. Mkutano, hotuba, picha ya wakubwa, hotuba tena. Mimi mahindi yangu inaoza kwa stoo. Hiyo iko ukurasa gani?"

Hakukuwa na ukurasa kama huo.

"Tumebadilisha mashine, maneno ni yale yale," Jeruto akamwambia Kipyego aliporudi ofisini. "Hatukuwauliza wanataka kujua nini."

Kipyego alifunga mlango kwanza. "Nikiziondoa hotuba za wakubwa, kesho chama tawala kitaniuliza niko upande gani. Nilidhani zikichapwa vizuri watazisoma." Akajikanda macho. "Hotuba zibaki. Lakini andika karatasi moja ya wanachotaka wakulima, uitie katikati."

Jeruto alizunguka vijiji vya Soy na Sugoi kwa miguu, akiuliza na kusikiliza. Kisha akaandika karatasi moja tu, juu ya kukausha mahindi wakati wa mvua, kwa Kiswahili cha sokoni. Stima ilikuwa imepotea tena. Akaipiga kwa taipureta na kutoa nakala kwa mashine ya zamani ya mkono, akazitia katikati ya majarida na kuyapeleka dukani Soy.

Aliporudi dukani baada ya siku chache, kamba zilikuwa zimekatwa. Wakulima walikuwa wamechomoa karatasi ya katikati na kuacha hotuba zote kwenye kaunta. Jeruto alidhani angefurahi. Badala yake alikusanya haraka zile picha za wakubwa kabla mtu wa chama hajaziona zimetupwa hivyo, akaketi juu ya gunia la mbolea, akavua viatu.

Mama Priscah akamkuta hapo.

"Ile ya mahindi imenisaidia. Sasa ya ng'ombe mtaandika lini? Yangu imejaa kupe."

"Huwa unawaogesha wapi ng'ombe wako?" Jeruto akauliza, akimsogezea nafasi kwenye gunia.