Mende Ndani ya Nyimbo za Anko Maingi

Nilifungua kifuniko ya hiyo kompyuta. Mende. Si mbili tatu, ni ukoo mzima. Wengine wamekauka wakashikana na mafuta, wengine wanatembea juu ya nyaya ni kama wako na title deed ya hapo. Na mavi yao imejaa kila kona, nyeusi kama majani chai.

Hiyo mashine iko kwa nyumba ya Anko Maingi hapa mtaa wa Mbotela tangu sijazaliwa. Imekaa kando ya jiko, na Anti Ndindi huifunika na kitambaa ya kufuma hata ikiwa imewashwa, eti vumbi isiingie. Sawa, vumbi haikuingia. Iliingia mafuta ya chapati, miaka ishirini, na joto ikakosa pa kutokea.

Sasa diski ilikuwa inagonga. Tik. Tik. Tik. Kioo nyeusi. Na mimi nimemaliza fom foo niko tu, na kwa hii familia ukishawekea mtu WhatsApp kwa simu, wewe ni fundi.

Mimi ningetupa hiyo takataka. Shida ni Anko. Alikuwa mwalimu wa kwaya, mwaka jana akapata stroke, haongei, haandiki. Nyimbo zake zote za Kikamba ziko kwa hiyo diski, na hakuwahi kuprint hata moja. Aliogopa kwaya zingine zitamwibia, so alikuwa anafunza watu mstari kwa mstari mpaka ishike kichwa. Wenye walishika walishahama, wengine mtaa wa Njiru, wengine wakarudi kijijini, ushago. Kila asubuhi anaketi mbele ya hiyo kioo nyeusi ananyooshea kidole.

Anti aliniambia, "Kyalo, hizo nyimbo ndio mdomo amebaki nayo."

Nikaenda Kariobangi kwa Willis, msee huuza vipuri vya kompyuta. Alishika diski na vidole viwili, akainusa, akaniuliza kama tumekuwa tukiikaanga. Akasema haijakufa, inachoka tu ikishika moto. Niiwache ipoe, nisome haraka, ikianza kugonga nizime. Akaniazima waya ya kuiunganisha na laptop yangu, akanipea diski ingine ya umri huo huo.

Nikaisafisha na mswaki na spirit. Kulikuwa na mguu ya mende katikati ya zile pini za waya. Nikaitoa na kucha. Hiyo kucha sikuikulia ugali siku mbili.

Mara ya kwanza nilitoa nyimbo kumi na moja. Tik. Nikazima, nikangoja ipoe. Mara ya pili, tisa. Mara ya tatu, nane. Ya nne, sita. Ya tano ikakwaruza kama kijiko kwa sufuria, ikanyamaza kabisa. Thelathini na nne. Zilikuwa arobaini na moja.

Nikafunga ile diski ya Willis, nikarudisha Windows yake ya kizee, nikamwaga nyimbo ndani, na zingine kwa simu ya Anti. Halafu nikamwambia Anko saba zimeenda. Hakuniangalia. Alinyooshea kioo kidole, kwa wimbo ya kwanza, halafu akanyooshea mdomo yangu.

Nikasoma. Mimi nimezaliwa hapa, Kikamba yangu ni ya kusalimia tu. Anko akakunja uso ni kama amekunywa maziwa imeharibika. Akapiga meza na ule mkono mzima.

"Anasema umekata neno katikati," Anti akasema akiwa kwa mlango.

"Ameongea saa ngapi?"

"Si umemskia."

Nikarudia. Akapiga meza pahali pengine, polepole, mara tatu, nikajua hapo navuta sauti. Nikavuta. Akapiga tena, kwa nguvu. Mstari moja, nusu saa. Kila nikifungua mdomo ananiangalia vile mimi niliangalia wale mende.

Nikamwambia Anko, pole, hii kitu imenishinda. Akapiga meza. Nikaanza upya.