Ukoo wa Mhunzi Kiwete

Siku ya sikukuu ya wahunzi wa Athene, mhunzi Mnasoni, aliyejihesabu wa ukoo wa Hefaisto, mungu wa wahunzi, alichechemea mbele ya maandamano, kifua mbele.

"Hefaisto mungu wenu kiwete, mama yake mwenyewe alimtupa!" Filagro, tajiri aliyejiita wa ukoo wa Zeu, mfalme wa miungu, akamkejeli, kofia yake ya vita iliyobonyea ikiwa kwapani. "Ukoo gani huo wa kuringia?"

Mnasoni akasimama. "Alitupwa, ndiyo. Lakini Zeu alipoumwa kichwa karibu afe, wanawe wazuri wazuri wote walimkodolea macho tu. Akaitwa nani? Mwanawe huyohuyo kiwete! Akampasua kichwa kwa shoka, na humo kichwani akazaliwa Athena, mungu mlinzi wa mji wetu; Zeu akapona."

Watu wakashangilia.

"Na hiyo kofia yako iliyobonyea, bwana mkubwa, mpelekee babu yako Zeu aigonge inyooke. Akishindwa, kwangu unapajua. Piga hodi kwanza."