Jiwe la Kutwangia Nguo

Tangu tumzike baba mkwe, mama mkwe wangu Ok-bun hakutoa chozi. Alitoa hasira tu. Theluji imejaa uani, yeye anafungua madirisha na kujipepea, eti kifua kinamuungua. Wazee wetu huku Korea wanauita ugonjwa wa moto. Vidonge vya daktari alivitema. Nikimsemesha, bakuli linaruka.

Asubuhi moja bakuli lilipovunjika, Mal-sun, mke wa kaka mkubwa wa marehemu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akaingia bila hodi.

"Jiwe la kutwangia nguo liko wapi?"

"Dada," mama akamjibu, "nani ananyoosha nguo kwa kuzitwanga siku hizi? Si pasi ipo?"

"Pasi utaipiga marungu? Lete shuka la marehemu mumeo."

Nikapika uji mwepesi wa mchele, nikalichovya shuka humo lipate wanga, likakauka nusu, nikalikunja na kuliweka juu ya jiwe. Wakaketi wakitazamana, kila mmoja na virungu viwili. Mwanzoni viligongana ovyo.

"Taratibu, we kizee!" Mal-sun akamwambia. "Unampiga nani?"

"Mama mkwe wetu."

"Basi mwongeze na la kwangu!"

Wakacheka hadi Mal-sun akakohoa. Mimi, mkwe wa mtu, nikajidai natazama dari.

"Na huyo sasa?"

Mama akainua virungu. "Huyu aliyeondoka bila kuniaga. Nimeingia jikoni kumpashia supu, narudi, hayupo."

"Mtwange."

Akamtwanga. Na hapo, sijui ilikuwaje, virungu vinne vikawa na mwendo mmoja. Kimoja kikipanda, kingine kinashuka, mfululizo, kama mvua ya mawe inayojua kuhesabu. Sakafu ilitetemeka chini ya nyayo zangu. Nje, jirani mwingine alizima trekta lake akasimama kusikiliza. Nywele zilinisimama. Mikono ile, ambayo jana ilishindwa kufungua chupa, ilikuwa haionekani kwa kasi.

Machozi yakamshuka mama hadi kidevuni. Hakuyafuta, wala hakukosa pigo hata moja. Mal-sun naye hakupunguza mwendo; alimfuata tu, pigo kwa pigo, mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Walipotua virungu, shuka lile kuukuu la pamba liling'aa kama maji yaliyotulia. Niliogopa kuligusa.

Moto wake haukuzimika siku hiyo, bado humrudia. Ila siku hizi ukimrudia, yeye huugonga ukuta, na Mal-sun huja na shuka lake mwenyewe.